Gari la Mama Asumini Linalopiga Magoti

Zéphirin hakuwa mtu wa kukaa. Alikula amesimama, sahani mkononi, akizungukazunguka uani huku mkewe Émérance akimfuata na kikombe cha maji. Kanisani alichagua benchi la mwisho, karibu na mlango. Na nyumbani kwake Murara, kata ya mji wa Goma, nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, kulikuwa na mfuko uliofungwa tayari: nguo za watoto, karatasi za shule, redio ndogo, unga kidogo. Kila mwezi Émérance aliutoa ule unga wakaupika, akatia mwingine. Hakuuliza tena ni wa safari gani.

Alizaliwa kwenye vilima vya Masisi, mtoto wa mchungaji wa ng'ombe. Vita ya kwanza ilimkuta ana miaka kumi na miwili, akashuka Goma kwa miguu na mama yake, bila ng'ombe hata mmoja. Mjini akapata kazi kwa Muzee Edmond, fundi wa Birere aliyekuwa anafanya kitu kimoja tu: usukani na magurudumu ya mbele. Gari likivuta upande, likila tairi upande mmoja, au usukani ukigeuzwa usitake kurudi, watu walimpelekea yeye. Hakuwa na mashine. Alikuwa na uzi, timazi, kipimo cha chuma na macho.

Mwaka 2002 lava ya mlima Nyiragongo ilipoingia mjini, Muzee Edmond alikuwa anahangaika kuwasha gari la mteja ili alitoe gereji. Aligeuka kumwita kijana wake Zéphirin asukume. Kijana hakuwepo, alikuwa amekwisha fika mpakani mwa nchi jirani. Gereji ilifunikwa na lava, magari matatu yakiwa ndani. Mzee aliponea chupuchupu, na walipokutana tena wiki mbili baadaye hakumgombeza. Alimwambia tu, "Ulifanya muzuri, mutoto. Mutu anakimbia." Neno hilo lilimkaa Zéphirin miaka na miaka. Angetukanwa, angelisahau.

Mzee alipofariki alimwachia vyombo vyake. Zéphirin akafungua gereji yake Murara, uwanja wa changarawe nyeusi na mabati matatu, na kazi haikukosa. Barabara zetu zilikuwa za mawe ya volkano. Kila gari lilikuwa mgonjwa wa miguu ya mbele.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 alikuja Mama Asumini. Sisi wote wa Murara tulimjua. Babu yake alitoka Kasongo, huko Maniema, na familia yao ilikuwa ya wafanyabiashara tangu zamani. Polio ilimchukua miguu yote miwili akiwa na miaka minne, akazunguka mji mzima kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Alikuwa anafuata vitambaa na sabuni Bunagana, kule mpakani mwa Uganda. Kila safari ilimbidi akodi gari, na kila mara madereva walimshika huku na huku wakamrusha kwenye kiti.

"Papa Zéphirin," alisema, "nimechoka kubebwa sawa gunia ya maharagi. Nimenunua gari yangu, pick-up, ya otomatiki. Nataka ishuke chini mupaka niingie peke yangu. Kisha inyanyuke, juu barabara ya Bunagana haina huruma."

Zéphirin alilizunguka lile gari mara tano. Hakulala siku tatu. Siku ya nne alikwenda mahali palipokuwa na basi kubwa lililokufa zamani, akang'oa mifuko yake ya mpira, ile inayojazwa hewa kubeba uzito mahali pa springi. Akatoa vyuma vya kubebea vya pick-up ya Asumini, akaweka mifuko minne, akafunga pampu ndogo ya umeme na vitufe viwili, kimoja karibu na usukani, kimoja nje ya mlango. Ili Asumini aendeshe kwa mikono tu, akachomelea vyuma viwili: kimoja cha mafuta, kimoja cha breki.

Siku ya kujaribu, kata nzima ilijaa pale. Asumini alibonyeza kitufe kwa nje, gari likashusha pumzi ndefu, likaenda chini polepole hadi tumbo likakaribia mawe. Akasogeza baiskeli yake ubavuni, akajivuta kwa mikono, akaketi kwenye kiti. Watu wakapiga makofi. Alinyoosha kitenge chake, akarekebisha kioo, akabonyeza tena, gari likapanda. Kisha akaondoka. Zéphirin alibaki amesimama katikati ya vumbi akicheka peke yake.

Ila alikuwa amekosea, na hakujua bado. Alipima magurudumu gari likiwa limepanda juu kabisa, na kwa urefu ule yalikuwa sawa. Lakini Asumini hakuendesha kwa urefu ule. Juu kabisa gari lilikuwa gumu, lilimtingisha mgongo, kwa hiyo alilishusha kidogo, vidole vinne au vitano, akaenda hivyo mpaka Bunagana. Na gari likishuka, mikono ya chuma inayoshika gurudumu nayo inabadilisha pembe. Vichwa vya magurudumu ya mbele viliinamia ndani. Tairi zikawa zinatembea kwa ukingo wa ndani tu.

Wiki sita baadaye Asumini akarudi. "Fundi, angalia hizi pine."

Zéphirin alichuchumaa. Upande wa nje tairi ilikuwa nzima. Upande wa ndani nyuzi zilikuwa zimetoka. Alielewa mara moja. Nje, watu wawili walikuwa wanapita, mmoja akamwonyesha mwenzake: yule ndiye fundi wa gari linalopiga magoti.

"Ni hizi pine ndiyo mubaya, Mama," alisema. "Ni za occasion, zilishatumika. Tafuta mupya."

Asumini akatafuta mpya. Nazo zikaisha vile vile.

Tangu siku ile Zéphirin hakutulia tena hata kwa kiwango chake mwenyewe. Alikuwa akilifuata lile gari sokoni, akachuchumaa nyuma ya magunia kuangalia magurudumu wakati mwenyewe hayupo. Alikuwa akikatiza maneno ya mkewe katikati, akatoka nje, akarudi, akasahau alichotokea. Mara mbili alifika mlangoni kwa Asumini ili aseme, na mara mbili akamwuliza tu habari za watoto wa dada yake, akaenda zake.

Mwezi wa tano mwaka 2021, kwenye mteremko wa Kibumba, njia ya Bunagana, gari liliingia kwenye shimo. Likageuka lenyewe kushoto. Mtu mmoja alikuwa anashuka na chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, amepakia viazi. Aliruka. Chukudu ikavunjika, viazi vikatapakaa barabarani, na yule mtu akaangukia mkono, ukatoka kwenye bega. Asumini akaomba wapita njia wampakie, akampeleka hospitali, akakaa naye mpaka jioni. Kesho yake, Ijumaa, akaleta gari gereji.

"Papa Zéphirin, mikono yangu ndiyo miguu yangu. Naijua. Usukani sikugeuza. Gari iligeuka yenyewe."

"Iache hapa," alisema Zéphirin. Hakuweza kumtazama.

Jumamosi alipandisha gari juu ya magogo, akafungua sehemu yote ya mbele: magurudumu, mikono ya chuma ya juu na ya chini, fimbo za usukani. Akavipanga vyote juu ya turubai. Jioni ile anga ikawa nyekundu upande wa Nyiragongo.

Watu walimwagika barabarani. Zéphirin aliuchukua mfuko nyuma ya mlango, akambeba mtoto mdogo, Émérance akamshika mkono binti yao Héritière, na walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika mpakani. Asubuhi habari zikaja kwamba lava imesimama Buhene, pembeni kabisa mwa mji. Wakarudi. Zéphirin alipitia gereji kwanza.

Mama Asumini alikuwa pale, ndani ya baiskeli yake, kando ya gari lisilo na magurudumu. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa cheupe kwa majivu.

"Tangu saa ngapi uko hapa, Mama?"

"Tangu jana jioni. Nilikuya kuchukua gari."

Zéphirin alizunguka gari mara moja, mara mbili. Kisha akasimama mbele yake.

"Mama, si pine. Hata zile za kwanza hazikuwa mubaya. Ni mimi. Nilipima vibaya, nikajua, nikanyamaza."

Asumini alijifuta majivu usoni.

"Yule mutu wa chukudu," alisema, "ana batoto bane. Analala upande mumoja tu. Ulijua, na ulinisikia nikikuambia naenda Bunagana?"

"Nilijua."

"Kila juma?"

"Kila juma."

"Usiniambie pole," alisema. "Usijaribu kabisa. Tengeneza gari. Na wewe, kama udongo ukitikisika tena, usikimbie ukiniacha na vyuma juu ya turubai."

Akazungusha mikono, akaondoka akipishana na watu waliokuwa wanarudi na magodoro.

Na udongo ulitikisika. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, mchana kutwa. Nyumba zilipasuka kuta, barabara ikafunguka mstari katikati ya mji, familia zote zililala nje. Zéphirin alikuwa chini ya gari. Kila mtikisiko ukipita alitambaa kutoka, akangoja magogo yatulie, akarudi. Émérance alisimama mlangoni mwa gereji.

"Papa Héri, twende. Bengine bote banaenda."

"Kidogo bado."

"Wewe kusema kidogo bado!" alisema, akashangaa kweli.

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kurudisha magurudumu kwa muda na kumwomba Asumini aje aketi kwenye kiti, na magunia mawili ya mchanga nyuma mahali pa mzigo, aonyeshe urefu anaoupenda yeye mwenyewe. Alimnyanyulia gari kwa jeki hadi aliposema hapo. Akakata kijiti cha urefu ule, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, na kila kitu kilichofuata alikipima kwa kijiti kile.

Lakini timazi ilikataa kusimama. Alitundika uzi kando ya gurudumu aone linainama kiasi gani, na chuma kikayumba, kikayumba, kikataka kutulia, ardhi ikakisukuma tena. Alijaribu kuzuia pumzi, kukishika kwa kidole. Alitukana. Mwishowe akaleta ndoo ya mafuta machafu ya injini, akakitumbukiza kile chuma ndani yake. Mafuta yalikizuia. Uzi ukasimama kwa muda wa kuhesabu kumi, na hiyo ilimtosha. Alipima kila pembe mara tatu, akakubali tu zile zilizolingana.

Mkono wa chuma wa juu ulihitaji kusogea nje. Alikata vibati vinene, akavipachika kati ya shina lake na chasi, vitatu kwenye bolti ya mbele na viwili kwenye ya nyuma, ili kichwa cha gurudumu kitoke nje na pia kilale nyuma kidogo. Hivyo usukani ukigeuzwa ungerudi wenyewe. Gurudumu likasimama wima. Ilibaki ile tabia ya kugeuka lenyewe kwenye shimo. Fimbo ya usukani haikuwa inalala sambamba na mkono wa chini, kwa hiyo kila gurudumu lilipopanda au kushuka, fimbo ililivuta. Dawa ilikuwa kuishusha ncha ya fimbo, kuifunga chini badala ya juu, na kwa hilo zilitakiwa boshi mbili za kuchongwa, pete nene za chuma.

Jumatano alikwenda kwa Donat, mwenye mashine ya kuchonga vyuma. Umeme ulikuwa umekatika tangu mlipuko. Donat alikuwa anafunga milango kwa minyororo.

"Boshi?" alisema Donat. "Leo? Zéphirin, wewe ambaye kila siku uko wa kwanza ku mupaka?"

"Leo."

Donat alimwangalia usoni, akafungua mnyororo, akawasha jenereta. Alichonga zile boshi mbili akiwa ameinamia mashine na miguu imetanuka, akisimamisha kisu kila ardhi ilipotetemeka. Alipomaliza alizitia mkononi mwa Zéphirin zikiwa bado za moto. "Enda. Usinieleze ni za nani."

Alhamisi kulipopambazuka redio ilitangaza kwamba kata kumi zihame mara moja, na Murara ilikuwemo. Kulikuwa na moto mwingine chini ya mji, walisema, labda hata chini ya ziwa. Zéphirin alikuwa amekwisha funga upande wa kushoto. Kulia kulikuwa wazi.

Émérance alikuja na mfuko kichwani, watoto mbele yake. Nje barabara ilikuwa imejaa watu hadi kwenye kuta, wote wakielekea Sake, upande wa magharibi.

"Tangulia," alisema Zéphirin kutoka chini ya gari. "Nitakufikia."

"Miaka kumi na sita mimi ndiyo nakukimbilia nyuma. Leo unaniambia nitangulie?"

Aliushusha mfuko, akaketi juu yake. Watoto wakaketi. Zéphirin aliendelea kukaza bolti. Mara mbili aliiachia spana ianguke kwenye changarawe, akatambaa nusu, akauona ule umati, akarudi. Akafunga gurudumu. Akanyoosha uzi kutoka tairi ya nyuma hadi ya mbele, akapima ukingo wa mbele na ukingo wa nyuma. Akazungusha fimbo robo. Akapima tena.

Asumini aliingia na baiskeli yake akisukumwa na jirani. Gari lilipiga magoti, akajivuta ndani, likapanda, akalisimamisha kwenye urefu wa kile kijiti. Nyuma walipanda Émérance na watoto, bibi wawili wa jirani, magodoro, baiskeli yenyewe.

"Panda, fundi," alisema Asumini.

"Nitatembea."

Akatembea. Kilomita ishirini na zaidi, kando ya gurudumu la mbele la kushoto, macho kwenye gurudumu. Watu walimpiga vikumbo, mbuzi walimpita katikati ya miguu, mtu mmoja alimkanyaga kisigino hadi ndala ikakatika. Gari lilikuwa linaenda hatua kwa hatua. Baada ya Mubambiro barabara ikawa wazi ghafla mbele ya gari, na Asumini akaongeza mafuta. Mbele kulikuwa na shimo pana. Zéphirin aliliona gurudumu likishuka ndani yake, likazama, likapanda upande wa pili, na halikugeuka hata kidogo. Gari likaenda moja kwa moja. Yeye akasimama katikati ya umati, watu wakimsukuma na kumtukana. Ilimbidi akimbie ndala moja mkononi ili alifikie.

Walilala Sake siku kumi na moja, uani mwa kanisa. Asumini hakumsemesha siku mbili. Siku ya tatu alimtumia chai kwa mkono wa Héritière.

Waliporudi Goma mwezi wa sita, Zéphirin alikwenda Kibumba kwa miguu, akivuka lava mpya ambayo bado ilitoa joto kwenye nyufa. Mtu wa chukudu alikuwa uani, mkono umefungwa kwa kitenge shingoni.

"Ni wewe fundi wa ile gari?"

"Ni mimi. Kosa lilikuwa langu. Yule mama hakukosa kitu."

Yule mtu akamwita mkewe atoke asikie naye. Zéphirin akarudia mbele yake. Baada ya hapo akawa anapanda Kibumba kila Jumapili mpaka chukudu mpya ikakamilika, na kwenye magurudumu yake alitia beringi za gari. Sidhani walikuwa marafiki. Walifanya kazi pamoja, basi.

Mwaka uliofuata waasi waliteka Bunagana, na njia ya Asumini ikafa. Akageukia Sake na Minova, akabeba vitunguu na mihogo badala ya vitambaa, akipita kati ya mahema ya wakimbizi yaliyokuwa yakiongezeka kila juma. Njia ile nayo ikaja kufungwa na kufunguliwa, kufungwa na kufunguliwa. Mifuko ya hewa ilipasuka, Zéphirin akaiziba, akapata mingine kwa shida. Lakini tairi zilikuwa zinaisha sawasawa, ndani na nje.

Mwezi wa kwanza mwaka 2025 mji ulipoangukia mikononi mwa waasi, risasi zililia siku tatu. Kila mtu alijua kwamba pick-up ndizo zinazotafutwa. Safari hii hakuna aliyekimbia Murara, maana hapakuwa na pa kukimbilia. Zéphirin aliruka ukuta hadi kwa Asumini, akatoa hewa yote, gari likalala tumbo chini. Akang'oa pampu, akaifunga kwa nailoni, akaitumbukiza ndani ya pipa la maji. Walipokuja watu wenye silaha, sita, asubuhi, Asumini alikuwa mlangoni ndani ya baiskeli yake.

"Gari hii inatembea?" mmoja aliuliza.

"Inatembea sawa mimi," alisema.

Walijaribu kulisukuma. Wakatia nguvu wote sita, wakalipiga mateke, wakacheka. Kisha wakang'oa betri na magurudumu yote manne, wakaenda. Zéphirin alikuwa nyuma ya choo, amejibanza. Alipotoka alikuta Asumini analia kwa hasira.

"Tumbo limebaki," Zéphirin alimwambia. "Miguu nitaitafuta."

Ilichukua miezi mitatu. Magurudumu aliyoyapata yalikuwa mawili ya aina moja na mawili ya nyingine, kwa hiyo akaanza tena kupima kutoka mwanzo, na Asumini akaja tena kuketi kwenye kiti akiwa na magunia ya mchanga nyuma, akilalamika kwamba fundi anapima sana kupita fundi wa nguo.

Sasa gereji iko pale pale. Kazi ni chache, vyuma ni vigumu kupatikana, na Zéphirin bado hukatiza maneno ya watu katikati. Wiki iliyopita tulikuwa tunaongea naye barabarani Mama Asumini akapita na mzigo, akielekea Sake. Alipiga honi mara mbili, hakusimama, na Zéphirin akaacha neno katikati, akalifuata gurudumu la mbele kwa macho mpaka likapotea.